Hurtigruten: Miaka 130 ya Biashara ya Kutunza Ratiba

Tarehe 2 Julai 2023, huduma ya meli za mwambao wa Norway ijulikanayo kama Hurtigruten ilitimiza miaka 130 tangu safari yake ya kwanza. Kwa wapenzi wa feri, tarehe hiyo ni sikukuu. Wapo wanaojua kwa kichwa kila meli iliundwa mwaka gani na katika kiwanda kipi. Wapo wanaofuatilia kwenye simu mahali ilipo kila meli, usiku na mchana. Wapo pia wanaosimama gatini na kamera kwenye baridi kali, wakisubiri meli ambayo picha zake tayari wanazo tele.

Kurasa za biashara zina sababu nzuri ya kuwatazama watu hawa. Katika miaka hiyo 130 kampuni zimeungana na kubadili majina, meli zimezama, zimeuzwa na kukatwa vyuma, mizigo imehamia barabarani na barua zimepanda ndege. Kitu kimoja tu hakijabadilika: meli kupita bandari ileile, siku na saa iliyotangazwa. Wanachosherehekea mashabiki ni ahadi hiyo. Na kwa kuwa ahadi ni deni, inafaa kuuliza nani amekuwa akililipa.

Zabuni waliyoikimbia wakubwa

Mwaka 1891, August Kriegsman Gran, mshauri wa serikali kuhusu safari za meli za mvuke, alipendekeza kuwe na njia ya haraka na ya mwaka mzima kati ya Trondheim na Hammerfest. Kampuni kubwa za Bergen na Trondheim zilikataa kuichukua kazi hiyo, na hesabu yao haikuwa ya woga mtupu. Kaskazini ya Trondheim kulikuwa na ramani mbili tu za bahari za kutegemewa na minara 28 ya taa. Pwani yenyewe imejaa visiwa na miamba, na wakati wa baridi kali yako maeneo ambako jua halichomozi kwa wiki nyingi.

Aliyekubali ni Richard With, nahodha wa mji mdogo wa Stokmarknes, aliyeanzisha kampuni ya Vesteraalens Dampskibsselskab mwaka 1881. Yeye na rubani wake, Anders Holthe, walikuwa na desturi ya kuandika mwelekeo wa dira, kasi ya meli na muda uliotumika kwa kila kipande cha njia. Kwa maandishi hayo waliweza kupita gizani kwa kutazama dira na saa. Kampuni kubwa zilikuwa na meli nyingi na fedha nyingi. With alikuwa na taarifa. Taarifa ndizo zilizompa zabuni.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 18 Mei 1893. Ulikuwa wa miaka minne, serikali ikitoa ruzuku na kampuni ikiahidi safari moja kila wiki: hadi Hammerfest wakati wa kiangazi, hadi Tromsø wakati wa baridi. Saa 2 asubuhi ya tarehe 2 Julai, meli ya mvuke Vesteraalen iling'oa nanga Trondheim. Ilifika Hammerfest tarehe 5 Julai, saa 9:30 usiku, baada ya takriban saa 67.

Kabla ya hapo, barua ya kutoka Trondheim ilichukua hadi wiki tatu kufika Hammerfest wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi iliweza kuchukua miezi mitano. Mfanyabiashara wa samaki wa kaskazini alikuwa akiuza bila kujua bei ya soko la kusini, na jibu la barua yake lilimfikia msimu umekwisha. Sasa aliweza kuandika, kujibiwa na kupanga shehena ndani ya muda mfupi. Waliokuwa wamekataa nao walibadili mawazo: mwaka uliofuata kampuni nyingine zilianza kuingia kwenye njia hiyo. Mwaka 1898 safari zikaanzia Bergen, mwaka 1914 zikafika Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, na mwaka 1936 zikawa za kila siku.

Kwa nini meli 11

Leo njia hiyo ina bandari 34 kati ya Bergen na Kirkenes. Kwenda na kurudi ni takriban maili 2,500 za baharini. Meli huondoka Bergen usiku, hufika Kirkenes siku ya saba, na hurudi Bergen mchana wa siku ya 12. Jioni hiyohiyo huondoka tena.

Hapo ndipo hesabu yote ya biashara hii inapoanzia. Mzunguko mmoja ukichukua siku 11, kampuni inayoahidi kuondoka kila siku inahitaji meli 11, bila kupungua hata moja. Meli moja ikiharibika mtambo, kila bandari itapitwa siku moja katika kila siku 11, kwenda na kurudi, mpaka meli irudi kazini. Hakuna nafasi ya kupumzisha meli msimu usio na watalii, maana hapo ndipo mkazi wa kaskazini anapoihitaji zaidi.

Ukitaka kuona ahadi hiyo inavyotekelezwa, tazama meli inapogusa bandari ndogo usiku wa manane. Kamba zinatupwa gatini na kufungwa. Mlango wa ubavuni unafunguliwa, foklifti inatoka na paleti za bidhaa za dukani na kurudi na paleti za samaki, huku gari moja au mawili yakipandishwa. Abiria watatu wanashuka na mabegi, mmoja anapanda. Baada ya robo saa hivi mlango unafungwa na meli imeondoka. Watalii wengi wamelala kabini wala hawajui kama meli ilisimama. Kwa mwenye duka na kwa mgonjwa anayerudi kutoka hospitali ya mjini, robo saa hiyo ndiyo huduma yenyewe.

Meli moja basi ina wateja wa aina tatu: mkazi anayekatiza kati ya bandari mbili, mwenye shehena, na mtalii anayelipia safari nzima na chakula. Serikali ya Norway hununua huduma ya abiria kwa njia nzima kwa mkataba wa zabuni, pamoja na usafirishaji wa mizigo kati ya Tromsø na Kirkenes. Mtalii ndiye anayeleta faida. Fedha za serikali ndizo zinazohakikisha kwamba meli iliyojaa watalii inasimama pia kwenye gati ambalo mtalii hana haja nalo.

Vita, ndege na barabara

Vita Kuu ya Pili iliigharimu njia hii vibaya. Prinsesse Ragnhild ilizama mwaka 1940. Mwaka 1941 zilizama Vesteraalen, meli ileile iliyofungua njia, na Richard With, iliyobeba jina la mwanzilishi. Sanct Svithun ilishambuliwa kwa ndege mwaka 1943. Mamia ya abiria na mabaharia walipoteza maisha. Safari za kaskazini ya Tromsø zilipokuwa hatari mno kwa meli kubwa, vyombo vidogo vilipokea mizigo na watu na kuendelea nao mpaka mbele.

Amani nayo ilileta ushindani. Mwaka 1968 vilifunguliwa viwanja vidogo vya ndege katika eneo la Helgeland, na vingine vikafuata kaskazini. Madaraja na mahandaki ya barabara yaliunganisha visiwa na bara. Abiria mwenye haraka akapanda ndege, shehena nyingi zikapanda lori. Kampuni zikageukia utalii. Kati ya mwaka 1993, ulipoadhimishwa mwaka wa 100, na mwaka 1997, ziliingia kazini meli sita mpya, zikiongozwa na Kong Harald. Zilikuwa na kabini nyingi na kumbi kubwa za vioo kuliko meli zilizotangulia. Mwaka 2006 kampuni mbili zilizobaki, OVDS na TFDS, ziliungana kuwa kampuni moja ya Hurtigruten.

Mageuzi hayo yaliokoa njia, na palepale yakazaa swali ambalo halijajibiwa hadi leo: kadiri mtalii anavyolipa zaidi, mkazi wa bandari ndogo anabaki na sauti gani katika kuipanga huduma?

Mashabiki ni mtaji

Mwezi Juni 2011, shirika la utangazaji la NRK lilirusha moja kwa moja safari nzima ya meli Nordnorge kutoka Bergen hadi Kirkenes, saa 134 mfululizo, usiku na mchana. Hapakuwa na mchezo wa kuigiza wala mashindano. Ilikuwa meli, bahari, milima na magati. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni tano, na zaidi ya milioni mbili na nusu walitazama kwa wakati fulani. Watu walitoka na bendera na mabango, wakaifuata meli kwa boti, wakawasha moto ufukweni. Malkia Sonja mwenyewe aliipungia mkono akiwa katika meli ya kifalme.

Hakuna bajeti ya matangazo inayoweza kununua mapenzi ya namna hiyo. Yametokana na vizazi vya watu walioona meli ikifika. Kila jioni karibu na mji wa Rørvik meli inayokwenda kaskazini hukutana na inayokwenda kusini, na zinapopishana husalimiana kwa honi. Mashabiki huzisubiri honi hizo kwa shauku, na huzitambua.

Mapenzi hayo yamejenga pia uchumi wa urithi. Stokmarknes, alikotoka With, ina jumba la makumbusho la Hurtigruten lililoanzishwa mwaka 1993. Kivutio chake kikubwa ni meli nzima: Finnmarken ya mwaka 1956, iliyoundwa Hamburg na kuvutwa nchi kavu mwaka 1999. Kwa miaka mingi ilikaa nje ikiliwa na mvua na upepo. Mwaka 2021 lilifunguliwa jengo la vioo lililoifunika yote, na sasa mgeni anaingia na kutembea katika kumbi na kabini zake. Meli nyingine mbili za zamani, Nordstjernen ya mwaka 1956 na Lofoten ya mwaka 1964, zimepewa hadhi ya urithi unaolindwa. Lofoten ilibaki kipenzi cha mashabiki kwa zaidi ya miaka 50 ya kazi, ikipakia mizigo kwa winchi ya sitaha ya mbele jinsi ilivyofanywa tangu zamani.

Mshindani mpya

Kuanzia tarehe 1 Januari 2021, serikali iligawa njia kwa kampuni mbili hadi mwaka 2030: Hurtigruten ikapata meli saba na Havila Kystruten meli nne. Lengo lilikuwa ushindani na upunguzaji wa hewa chafu. Mwanzo ulikuwa mgumu. Kiwanda cha Hispania kilichopewa kuunda baadhi ya meli za Havila kiliyumba kifedha, na zote nne zikaishia kuundwa Uturuki. Meli ya kwanza, Havila Capella, ilianza kazi Desemba 2021, karibu mwaka mzima baada ya mkataba kuanza. Kisha vikwazo dhidi ya Urusi vikaigusa, kwa sababu fedha zake zilitoka kwa kampuni ya Urusi ya ukodishaji, na Aprili 2022 ikalazimika kusimama Bergen. Meli mbili za mwisho, Havila Polaris na Havila Pollux, ziliingia kazini Agosti 2023.

Tafsiri yake ni hii: siku ya maadhimisho ya miaka 130, idadi ya meli 11 ilikuwa bado haijatimia. Ilitimia wiki chache baadaye. Mashabiki walilijua hilo, kwa maana wao huhesabu.

Kwa upande wa teknolojia, mshindani ameleta msukumo wa kweli. Meli za Havila zinatumia gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika pamoja na betri kubwa zinazoweza kuiendesha meli kwa muda wa hadi saa nne bila moshi. Hurtigruten nayo imefunga betri katika baadhi ya meli zake za miaka ya 1990, ikianza na Richard With ya sasa. Juni 2023 ilionyesha michoro ya meli isiyotoa hewa chafu kabisa, yenye betri za megawati-saa 60 na matanga yanayokunjwa, kwa matumaini ya kuipata kufikia mwaka 2030.

Kitu cha kununua mwaka 2030

Mkataba wa sasa unamalizika mwaka huohuo. Watakaoandika zabuni mpya watavutwa na mambo mawili yanayopendeza machoni: bei ndogo na meli mpya. Yote mawili yana maana. Lakini historia ya njia hii inaonyesha kwamba thamani yake imetoka katika jambo la tatu, uhakika wa meli kufika kila siku, kila gati, mwaka mzima. Uhakika huo ndio uliomwezesha muuza samaki wa mwaka 1893 kupanga shehena yake, na ndio uliozaa mashabiki ambao leo watalii wanawafuata nyuma.

Kwa hiyo zabuni nzuri itapima kwanza mzabuni ataziba vipi pengo meli moja ikikosekana, na itaweka adhabu yenye uzito kwa kila bandari inayorukwa. Itamlinda abiria wa robo saa kwa nauli anayoimudu na nafasi ambayo haimezwi na mtalii. Itadai pia mzabuni athibitishe zinakotoka fedha za meli zake kabla ya kukabidhiwa njia. Kampuni ikiweza kutimiza hayo na kupata faida kwa watalii, ipate, tena kwa moyo mweupe. Isipoweza, serikali itakuwa imenunua safari za kitalii kwa fedha za umma, na maadhimisho ya miaka 140 yatakosa cha kusherehekea.