Daftari la Ukoo: Funzo Kutoka Ziwa Mweru

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliposema hivyo walikuwa na fedha na bidhaa mawazoni, lakini neno lao lafaa pia kwa mali nyingine ambayo kila nyumba inayo na nyumba chache huiandika, nayo ni habari za ukoo.

Mfano mzuri watoka Nchelenge, mji wa wavuvi ulioko ufukoni mwa Ziwa Mweru, katika Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Alfajiri mitumbwi hurejea na dagaa waitwao chisense, na soko la Kashikishi, lililo jirani, hujaa sauti za wachuuzi. Mgeni apitaye huona samaki, nyavu na mchanga tu. Haoni kwamba watu wa bonde hili ni hodari sana wa kuwatunza wazazi wao wa kale kwa maneno.

"Mimi Nilivuka Mto"

Kati ya 1948 na 1951 mtaalamu wa mila, Ian Cunnison, alikaa katika bonde la Luapula akiwasikiliza wazee. Aliandika kwamba mzee asimuliapo mambo ya babu aliyekufa zamani sana, husema "mimi": mimi nilivuka mto, mimi nilipewa nchi hii. Hayo si majivuno. Mtu akifa, ukoo humchagua mrithi, naye huchukua jina la marehemu, cheo chake na hata udugu wake. Waliomwita marehemu mjomba humwita mrithi mjomba, ajapokuwa kijana. Hivyo babu hafi kabisa, kwa kuwa kiti chake hakikai kitupu. Tena kila ukoo ndio wenye habari zake, wala si heshima mtu wa nje kuzisimulia kana kwamba ni zake.

Desturi hiyo ni nzuri, ila ina hatari mbili. Ya kwanza, jina moja laweza kuwa la watu watano waliofuatana, na asikiaye asijue ni yupi aliyefanya jambo gani. Ya pili, mzee akizikwa kabla hajasimulia, huzikwa na yote aliyoyajua.

Mfalme Aliyeshika Kalamu

Kusini mwa Nchelenge, huko Mwansabombwe, yako makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Watu wake walitoka magharibi, katika himaya ya Mwata Yamvo, wakalifikia bonde la Luapula katika karne ya 18. Safari na vita vyao hukumbukwa kila Julai katika sherehe ya Mutomboko, ambapo Mwata mwenyewe hucheza ngoma ya ushindi mbele ya watu.

Hata hivyo, Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliyetawala kuanzia 1941 hadi kufa kwake 1950, aliona kuwa ngoma na masimulizi peke yake havitoshi. Akisaidiwa na padre Edouard Labrecque, alitunga kitabu cha habari za wazee wake kwa lugha ya Kibemba. Kitabu hicho, "Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi", maana yake "Mababu Zangu na Watu Wangu", kilichapishwa 1951. Mwenye kukitunga hakukiona. Lakini 1961 Cunnison alikitoa kwa Kiingereza, na tangu hapo kila achunguzaye mambo ya Luapula hapiti bila kukifungua.

Ndani yake wafalme wamepangwa kwa zamu, na wageni nao wameacha maandishi yao ya kulinganisha. Msafara wa Mreno Lacerda, uliofika 1798, ulimkuta Mwata Lukwesa, wa 3. David Livingstone, aliyefika Novemba 1867, alimkuta Muonga, wa 7. Wote wawili waliitwa Kazembe. Asiyeandika zamu na mwaka angewafanya mtu mmoja.

Lakini kitabu hicho kina upande wake. Kimeandikwa kutoka barazani kwa mfalme. Washila, wavuvi waliokuwa na nchi hiyo kabla ya Walunda, wana masimulizi yao, na ushindi wa mmoja ni msiba wa mwenziwe. Hilo ni funzo kwa kila aandikaye ya kwao. Shangazi akisema hivi na ami akasema vile, yaandikwe yote mawili, na jina la msemaji kando yake. Miaka kumi baadaye huenda barua ya zamani au kaburi lenye tarehe likaamua.

Kuupata Mwaka Uliopotea

Wengi huanza wakakata tamaa, kwa kuwa wazee hawajui mwaka waliozaliwa wazazi wao. Lakini mzee asiyejua mwaka hujua tukio. Katika nchi za Mweru na Tanganyika matukio yenye tarehe si machache. Vita vya Tippu Tip na Nsama, mtemi wa Watabwa, vilikuwa 1867, na Tippu Tip mwenyewe alivisimulia kwa Kiswahili katika habari za maisha yake. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akawa mfalme huko Katanga, aliuawa Desemba 1891. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakazi wa kando ya Luapula walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918, na wapagazi walioitwa tengatenga, waliobeba mizigo ya jeshi hata Wajerumani wakaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, na Zambia 24 Oktoba 1964.

Bibi akisema, "Baba alikuwa ananyonya walipochukuliwa tengatenga," basi mwaka umekwisha karibia. Uandikwe, na neno "yapata" mbele yake.

Faida Yake Nyumbani

Daftari la ukoo halimpi mtu faida kwa siku moja. Mwaka wa kwanza ni orodha ya majina tu. Mwaka wa tano majina huanza kushikana. Mwaka wa ishirini mtoto aliyeandikwa siku ya kuzaliwa anakuja kuuliza kama mchumba wake ni wa ukoo wake, na jibu linapatikana kabla mahari haijapokewa. Ugomvi wa shamba au wa urithi ukitokea, maandishi ya marehemu yana uzito ambao kelele hazina. Na msiba ukiingia, hujulikana ni nani wa kupelekewa habari, na wapi.

Familia za askari na polisi zahitaji jambo hili kuliko nyingi. Baba huhamishwa kutoka kambi hii hadi ile. Watoto wanne huzaliwa mikoa minne, nao hukua wakiwaita jirani wa kota shangazi, ilhali shangazi wa damu hawamjui kwa sura. Kilichopotea hapo si jina tu. Ni mlango ambao mtoto angebisha siku ya shida.

Yafaa basi mama au baba anunue daftari lenye jalada gumu. Kila mtu apewe ukurasa wake: jina, jina alilorithi na kwa nani, wazazi, ukoo, mahali na mwaka wa kuzaliwa, kazi, ndoa, watoto. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli. Sauti za wazee zinaswe kwa simu, kisha zinakiliwe kwa mkono, maana simu huibwa na huharibika. Nakala ya pili ikae kwa ndugu wa mbali. Na kila mwisho wa mwaka daftari lifunguliwe mbele ya watoto, liongezwe yaliyotokea.

Wilayani Nchelenge kwenyewe, mwaka 2018, yalifunguliwa makazi ya Mantapala kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Kongo, wengi wao wasemaji wa Kiswahili kutoka Katanga ya Juu na Tanganyika. Mtu akimbiapo risasi hubeba mtoto kabla ya sanduku, na daftari mara nyingi hubaki. Lakini mtoto aliyesomewa daftari hilo kila mwaka huvuka akiwa na majina ya babu, ya kijiji na ya mjomba aliye ng'ambo. Akiulizwa, "Wewe ni wa nani?" anajua la kujibu.