Deni la dukani na bahasha ya Jumapili



Anayeishi Dar es Salaam anaijua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama wa nyumba anaamka kabla ya jua, anakunja viroba viwili na kuvitia ndani ya kapu, anahesabu pesa mara mbili na kuzigawa: za chakula kwenye pochi, za nauli kwenye pindo la kanga, za ada ya shule haziguswi. Kama anatoka Kimara, anashuka na Barabara ya Morogoro. Ndizi na mboga atazitafuta Mabibo, mchele na maharage Tandale, ambako nafaka zinauzwa kwa gunia, sabuni na mafuta ya kula Kariakoo. Anauliza bei kwa watu watatu ndipo anunue kwa wa nne. Akipata jirani wa kuchanga naye, wananunua gunia moja na kugawana kwa debe, kila mmoja anaokoa kidogo. Kituo kikiwa si mbali anatembea, maana nauli ya kipande kile ni fungu la nyanya.

Mama huyu anastahili sifa kuliko anavyozipata. Tunapenda kusoma Mithali 31 kwenye harusi na kwenye sikukuu za wanawake, lakini tunasimama zaidi kwenye mavazi na heshima. Mwanamke yule ni mtu wa sokoni. Mstari wa 14 unamfananisha na merikebu za biashara kwa jinsi anavyotafuta chakula hata mbali, na mstari wa 16 unasema anaangalia shamba kwanza ndipo analinunua. Na Bwana wetu, baada ya kulisha watu 5,000 kwa mikate ya shayiri, mkate wa maskini, hakusema kilichobaki kiachwe kwa sababu ana uwezo wa kufanya mwingine. Aliagiza vipande viokotwe, vikajaa vikapu 12 (Yohana 6:12-13). Kubana matumizi si ubahili. Ni kuheshimu kile Mungu alichokupa.

Lakini kuna aina ya kubana matumizi ambayo gharama yake analipa mtu mwingine, na hii ndiyo nataka tuitafakari leo.

Wiki tatu zilizopita duka la mtaani kwetu lilifungwa. Hakuna gazeti lililoandika. Ni duka la chumba kimoja, lenye nondo dirishani na benchi la mbao nje, na mwenyewe tulimwita Mangi, kama watu wa Dar wanavyomwita karibu kila mwenye duka, awe Mchaga au asiwe. Huyu wetu kweli alikuwa mtu wa Rombo. Asubuhi moja tukakuta kufuli, jioni tukaona mizani, friji na rafu zinapakiwa kwenye kirikuu. Siku mbili baadaye tayari watoto walikuwa wanatumia benchi lake kuchezea.

Asiyewahi kupungukiwa anaweza kudhani duka kama lile ni la vitu vichache kwa bei ya juu kidogo. Waulize wanaonunua kwa vipimo vidogo. Pale uliweza kununua sukari robo, mafuta ya kula ya kupimwa kwenye kifuko, sabuni ya mche iliyokatwa nusu, mshumaa mmoja umeme ukikatika. Mangi alinunulia wazee LUKU kwenye simu yake kwa sababu macho yao hayaoni tarakimu. Alitunza funguo za nyumba tatu au nne. Mtoto aliyetoka shule akakuta mlango umefungwa alikaa kwenye lile benchi hadi mama yake arudi, na hakuna aliyelipia huduma hiyo.

Na alikuwa na daftari. Kubwa, la jalada gumu, limefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kila nyumba ina ukurasa wake. “Mangi, niandikie.” Maneno mawili tu, na mtu anaondoka na unga. Hakuna fomu, hakuna mdhamini, hakuna riba.

Sasa angalia mwezi wetu unavyokwenda. Mshahara ukitoka, au biashara ikichangamka, tunazipeleka pesa taslimu Kariakoo na Tandale kwa sababu kule ni nafuu. Ikifika tarehe 15 mfuko umetoboka, tunarudi kwa Mangi kuandikisha. Ina maana fedha zetu tuliwapa wasiotujua, na yeye anayetujua tukampa majina yetu kwenye karatasi. Kisha mwisho wa mwezi unafika tena, tunapita mbele ya duka lake na viroba begani, tukiangalia upande wa pili wa barabara.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme amenunua sukari kwa Sh2,800 kilo na anaiuza Sh3,000. Faida yake ni Sh200. Kilo moja ikikopwa na isilipwe, amepoteza Sh2,800 alizotoa mfukoni, na itabidi auze kilo 14 kwa taslimu ili zirudi tu, kabla hajapata hata shilingi ya kula. Sasa weka kurasa 30 za watu wa namna hiyo. Wa jumla hawamwandikii yeye. Anataka mfuko wa kilo 50, anatoa pesa kwanza.

Deni haliangalii ukubwa wa duka. Uchumi, kampuni ya Kenya iliyokuwa na maduka hapa kwetu, ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kwenye duka la magodoro ikaenea Afrika Mashariki, ilifikia mahali ambapo Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Hao walikuwa na wahasibu na kompyuta. Tofauti ni kwamba kule duka ndilo lililodaiwa, na waliopeleka mali ndio waliobaki wakisubiri. Kwa Mangi ni sisi tunaodaiwa.

Nani ameumia? Si mwenye kununua kwa gunia. Yeye hana shida, Kariakoo iko palepale. Ameumia bibi anayeishi na wajukuu, ambaye kwa siku ana Sh2,000 na lazima zimtoshe leo. Duka lililo karibu sasa liko ng'ambo ya barabara kubwa, na huko hawamjui, hawamwandikii. Apande daladala kufuata robo ya sukari? Nauli ya kwenda na kurudi itakula zaidi ya nusu ya alichonacho.

Hapa ndipo ninapopenda tufungue kitabu ambacho wengi tunakipita haraka. Waraka kwa Filemoni una sura moja, mistari 25. Paulo yuko kifungoni. Anamrudisha Onesimo, mtumwa, kwa bwana wake Filemoni, mtu ambaye kanisa lilikutana nyumbani kwake. Huenda Onesimo aliondoka na kitu, huenda kazi iliyolala ndiyo hasara, Paulo hasemi. Anasema tu kwamba kama kuna hasara, kama kuna deni, liandikwe kwake yeye Paulo (mstari wa 18). Neno la Kigiriki alilotumia pale ni la wafanyabiashara, ni la kuingiza kitu kwenye hesabu ya mtu. Kisha, katika mstari wa 19, anasema ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Wakati ule watu walizoea kumtamkia mwandishi, yeye akashika kalamu. Ni kama kutia sahihi daftarini.

Ndugu zangu, hii ndiyo Injili kwa lugha ya dukani. “Niandikie mimi.” Ukurasa wa Onesimo unafungwa, ukurasa wa Paulo unafunguliwa. Sisi tunaoamini kwamba Kristo alichukua deni letu tunaelewa vizuri sana maana ya kuandikiwa. Tunachosahau ni kwamba Paulo hakusema, “Filemoni, wewe ni mpendwa, futa tu.” Angeweza. Alikuwa na heshima hiyo mbele yake, na mwenyewe anasema hivyo. Lakini hakugeuza undugu katika Bwana kuwa njia ya kumfanya mtu apate hasara kimyakimya.

Hiyo ndiyo tabia inayotumaliza. Tunajua Mangi ni Mkristo mwenzetu, tunaimba naye kwaya moja, kwa hiyo tunaona aibu yeye kutudai kuliko sisi kutolipa. Akikumbusha, tunasema ana roho ngumu. Mithali 3:28 inakataza kumwambia jirani aende arudi kesho ilhali kitu chake unacho. Na sisi tunacho. Jumapili tunashika bahasha ya ahadi iliyoandikwa jina na namba, tumeijaza vizuri, kwa sababu mhazini wa usharika atasoma orodha. Daftari la Mangi halisomwi madhabahuni.

Yesu alishalizungumzia jambo hili katika Mathayo 5:23-24. Unaleta sadaka, unakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, unaiacha sadaka pale pale, unakwenda kupatana naye kwanza, ndipo unarudi kuitoa. Angalia vizuri: hakusema ukikumbuka una neno juu ya ndugu yako. Ni yeye aliye na neno juu yako. Mwenye daftari ana neno. Sidhani kama kuna mchungaji atakayekasirika akiona bahasha imechelewa wiki moja kwa sababu hiyo, na kama yupo, azungumze na mstari wa 24.

Wapo pia wenye maduka wanaoharibu. Mizani iliyotegwa, mchele uliochanganywa, bei inayopanda kwa mteja wa mkopo kwa sababu hana pa kwenda. Mambo ya Walawi 19:35-36 inawahusu wao moja kwa moja. Na wapo wadaiwa ambao kweli hawana: mtoto amelazwa, kazi imekwisha. Mtu wa namna hiyo aende aseme. Mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili, hakujificha, alimlilia Elisha. Mafuta yalipojaa vyombo, Elisha alimpa utaratibu: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni lilitangulia.

Jumuiya zetu zinaweza kufanya jambo ambalo halihitaji kamati. Kwenye msiba tunachanga, na ni vizuri. Wiki ya pili baada ya mazishi, wawili waende kwenye duka lililo karibu, waombe kuona ukurasa wa nyumba ile, wasitangaze, walipe hata nusu. “Tuandikie sisi.” Na kwa wale ambao Jumamosi ijayo wanakwenda Kariakoo, waende tu, bei ni bei. Lakini chumvi, sukari na sabuni, vile ambavyo mwezi mzima mnavikimbilia kwa jirani, vinunueni kwake kwa taslimu wakati taslimu ipo.

Kwetu tumechelewa kwa hilo la pili. La kulipa bado linawezekana. Mangi amerudi Rombo, na daftari nililiona likiwekwa kwenye kiti cha mbele cha kirikuu, siyo nyuma na rafu. Namba yake ya kupokea pesa kwa simu ingali juu ya ule mlango, kwa rangi nyekundu, na inasomeka hata ukiwa barabarani.