Mwepesi wa Kuguswa Si Mdhaifu

Huku kwetu Ngara na Biharamulo mtu anayetokwa machozi upesi huambiwa, "Jikaze!" Hasa akiwa mwanamume. Je, ni mgonjwa? Hapana. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alieleza katika kitabu chake kwamba wapo watu wanaozaliwa wepesi wa kuguswa. Ni tabia ya asili, si ugonjwa.

Tukumbuke Aprili 1994. Kwa muda wa siku moja hivi Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Aliyeona ndugu zake wakiuawa haponi kwa chakula na maji tu. Anahitaji pia mtu wa kutambua kwamba mtoto aliyenyamaza kimya anaweza kuwa na uchungu kuliko anayelia. Mara nyingi mwenye moyo mwepesi ndiye huliona hilo kwanza.

Lakini naye huchoka upesi. Basi alale vya kutosha, atulie peke yake kidogo kila siku, na yaliyomlemea amweleze mtu anayemwamini. Huzuni ikipita majuma mawili, halali wala hali, aende zahanati. Nasi wengine tuache kumcheka.