Turbo ya Gereji: Hesabu ya Pumzi na Pesa Mjini Thika

Mji wa Thika uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwenye gari hilo ni suala la pesa. Katika mwinuko huo, shinikizo la hewa limepungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita likilinganishwa na la Mombasa. Injini isiyo na turbo hutegemea hewa inayoivuta yenyewe. Hewa ikiwa hafifu, mafuta yanayoweza kuchomwa vizuri hupungua na nguvu hushuka. Toyota Fielder yenye injini ya 1NZ-FE, ambayo kiwandani ilipewa nguvu za farasi takriban 110, huwa imeshapoteza zaidi ya kumi kabla haijatoka mtaa wa Landless kuingia barabara ya Garissa. Ikipanda hadi Limuru, juu ya mita 2,200, hali huwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana swali la kuongeza turbo haliishi katika gereji za mji huu na za Ruiru.

Kifaa chenyewe si kigeni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili na jingine linalokandamiza hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Wakenya wa rika fulani waliona kazi yake mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda Safari Rally akiendesha Toyota Celica Twincam Turbo. Miaka kumi baadaye Mkenya Ian Duncan alishinda mbio hizo hizo kwa Celica ya turbo. Subaru Impreza ya Colin McRae ilipofika ya kwanza mwaka 1997, mapenzi ya vijana kwa sauti ya turbo yalikuwa yamekita mizizi.

Kwa hesabu ya fizikia peke yake, wazo lina mashiko zaidi Thika kuliko Mombasa. Shinikizo la ziada la psi 3 hivi linatosha kuirudishia injini pumzi ambayo ingekuwa nayo ufuoni. Tatizo ni kwamba mteja hafiki gereji akitaka psi 3. Anataka 10, wakati mwingine 15, na hapo ndipo injini zinapokufa.

Sababu iko ndani ya silinda. Injini ya 1NZ-FE imeundwa kubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara 10.5. Ile ya Subaru EJ205, iliyozaliwa na turbo, hubana mara 8 tu, kwa kuwa walioiunda walijua hewa itaingia ikiwa tayari imekandamizwa. Ukiilisha ya kwanza kama ya pili, joto hupanda kiasi kwamba petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Pistoni hupigwa, vyuma vinavyoishika hupinda, na mwenye gari hurudi na habari ambayo kila fundi anaifahamu: injini imenoki.

Kinachoshangaza wateja wengi ni kwamba turbo yenyewe huwa sehemu ndogo ya bili. Inahitaji manifodi mpya ya ekzosi, na hiyo humpa kazi mtu wa kuchomelea. Inahitaji bomba la kuleta oili kutoka kwenye injini na jingine la kuirudisha kwenye sampu, likiwa limeinama kuelekea chini njia nzima. Likipindishwa vibaya, oili hukwama na gari huanza kufuka moshi wa samawati. Kunahitajika intakula ya kupoza hewa, injekta kubwa zaidi, pampu ya mafuta yenye nguvu, pengine klachi nyingine. Mwisho wa yote ni kompyuta ya gari, ambayo lazima ipangwe upya ili ijue hewa imeongezeka. Kazi hii ya mwisho ndiyo adimu zaidi na ndiyo inayorukwa zaidi, maana haionekani mteja anapofungua boneti. Kuiruka ni kumwibia mteja, hata kama ameridhika siku ya kwanza.

Vipuri vingi ni vya mtumba kutoka Japani, na wauzaji wa Kirinyaga Road jijini Nairobi ndio tegemeo la mafundi wa Thika. Namna ya kuikagua turbo kuukuu inaonyesha tofauti ya fundi na mbahatishaji. Fundi mzuri huanza kwa kuingiza vidole viwili kwenye mdomo wa upande wa hewa baridi na kuushika mhimili. Ukitikisika kidogo sana kushoto na kulia, hana wasiwasi, kwa kuwa nafasi hiyo hujazwa na oili injini ikiwaka. Ukisogea mbele na nyuma, anairudisha kaunta. Kisha anapitisha kidole kwenye ncha za mapanga kutafuta pengo, na kupangusa ndani kuona kama kuna oili mbichi. Uangalifu huo una sababu: mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili iliyopitisha muda wake huua turbo nyingi kuliko mwendo wa kasi.

Wenye Subaru wameelewa mapema kwamba turbo haiendi peke yake. Wengi wao wakiamua kutumia pesa hununua injini nzima ya turbo pamoja na nyaya, kompyuta na gia boksi, badala ya kuongezea vitu kwenye ile waliyonayo. Bei huonekana kubwa mwanzoni, lakini kila kipande kimeundwa kufanya kazi na mwenzake.

Soko la magari nalo limeibana biashara hii. Ushuru wa bidhaa nchini Kenya huzingatia ukubwa wa injini: magari yasiyozidi sisi (cc) 1500 hutozwa kiwango cha chini kuliko yanayozidi hapo. Volkswagen Golf ya TSI yenye sisi 1390 na turbo ya kiwandani hutoa nguvu za farasi 122, nyingi kuliko za Fielder, na bado iko kwenye kundi la ushuru wa chini. Hapo hapo Thika, kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza mwaka 1974 kama Leyland Kenya, kilianza kuunganisha Polo Vivo isiyo na turbo mwishoni mwa 2016. Mwaka uliofuata kikaanza Peugeot 3008, yenye injini ya lita 1.6 na turbo.

Penye faida ya kweli ni kwenye dizeli. Toyota Land Cruiser 79, ambayo Kenya huunganishwa Mombasa, imejulikana kwa injini ya 1HZ: sisi 4164, farasi kama 130, bila turbo, na uvumilivu unaosifiwa Afrika nzima. Gari la aina hii likibeba mzigo kutoka Thika hadi Garissa, zaidi ya kilomita 300, huhitaji nguvu ya kupanda na kupita lori kwa usalama. Dizeli haiogopi hewa ya ziada. Adui yake ni joto, pale fundi anapofungua pampu na kuongeza mafuta bila kipimo. Toyota yenyewe, ilipotoa ndugu wa turbo, 1HD-T, mwaka 1990, ilibadilisha mfumo wa kuchoma mafuta na kushusha mbano kutoka 22.4 hadi 18.6. Kwa hiyo anayeifunga turbo kwenye 1HZ na asiweke geji ya joto la ekzosi hajamaliza kazi. Tena, gari lililojaribiwa kwenye baridi ya Thika litafanya kazi kwenye jua kali la Garissa.

Kwa matatu, kasi haipaswi hata kutajwa. Tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zianze kutekelezwa mwaka 2004, magari ya abiria yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Isuzu nayo imeshajibu hoja ya nguvu: nafasi ya injini ya 4HG1 ya lita 4.6 isiyo na turbo imechukuliwa na 4HK1 ya lita 5.2 yenye turbo.

Kuna pia karatasi. Anayebadilisha injini lazima aijulishe mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, kwa kuwa namba na ukubwa wa injini vimo kwenye logibuku. Anayeongeza turbo tu habadilishi namba, hivyo hudhani hakuna lililobadilika. Lakini kampuni ya bima ikigundua baada ya ajali kwamba gari liliongezwa nguvu kimyakimya, ina sababu ya kukataa kulipa.

Kwa gari dogo la petroli la kwenda kazini, hesabu haikubali: ni afadhali kuliuza na kuongeza pesa kwa lenye turbo ya kiwandani. Kwa dizeli ya mzigo, turbo ya shinikizo dogo hujilipa, mradi fundi aandike kwenye risiti imetoka wapi, ameiweka psi ngapi, na joto la ekzosi lilifika wapi gari lilipojaribiwa likiwa na mzigo. Mwenye gari asilipe salio kabla ya kukabidhiwa karatasi hiyo.