Uanaharakati Haufundishwi kwa Desa

Naandika kutoka Singida, mji wa upepo, kuku na alizeti.

Leo naomba tujadili hili: mwanachuo anajifunzaje kutetea haki? Wengi tumezoea desa. Unakariri vipengele vya haki za binadamu, unavimwaga kwenye mtihani, unapata A yako. Ukirudi kijijini unamkuta binamu yako kaacha shule kwa sababu ya mimba, na wewe msomi huna la kufanya.

Njia nyingine ipo, tena ilishajaribiwa hapa hapa Bongo. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza. Hawakubeba mchezo ulioandikwa Mlimani. Waliwauliza wenyeji: kinachowasumbua nini? Moja ya mambo yaliyojitokeza ni wasichana wa shule kupata mimba.

Mbinu yenyewe inakwenda hivi:

1. Kusikiliza. Unakaa na watu, kisimani, shambani, kilabuni. Huhubiri.
2. Kuchambua. Mnatafuta pamoja chanzo. Mimba ni tabia tu, au kuna umaskini na umbali wa shule?
3. Kuigiza. Wenyeji ndio waigizaji, kwa ngoma na hadithi zao.
4. Kujadili. Mchezo ukiisha, watazamaji wanasema. Kiongozi naye yupo, anasikia.
5. Kutekeleza. Hoja inapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe.

Kuanzia 1996, Mlimani waliingiza mbinu ya aina hii kwenye shule za sekondari kupitia mradi wa TUSEME. Wasichana wenyewe walitunga maigizo juu ya mambo yanayowakwamisha kimasomo.

Kwa nini vitendo? Darasani unajifunza sheria inasemaje. Kijijini unajifunza nani anamwogopa nani, na kwa nini mama anayejua ukweli ananyamaza mkutanoni. Kwenye igizo anaweza kuusema kupitia mhusika, bila kumtaja jirani yake. Hiyo huipati kwenye desa, jamani.

Sasa turudi kwetu. Chuo cha Uhasibu kina kampasi hapa mjini, Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaweza kurudi shule. Lakini mimi nakutana na wazazi ambao bado wanaamini binti akishazaa basi, shule imekwisha. Wanachuo kumi, kijiji kimoja, muhula mmoja: si wangejifunza mengi kuliko kwenye semina kumi?

Angalizo: ukiigiza, ukapiga picha, ukaondoka na posho yako, umewachekesha watu tu. Alama zitolewe kwa kilichofuata: binti gani karudi darasani, mkutano gani ulikaa, nani alipewa jukumu.

Wana-Singida na wengine mliopo vyuoni, kwenu mnafundishwaje? Tupeni uzoefu wenu hapo chini. Matusi hapana, hoja ruksa.