Kabla ya Kununua Amplifaya Kubwa



Maombi mengi ya vyombo vya sauti yanayofika ofisini kwetu huomba amplifaya kubwa zaidi na spika kubwa zaidi. Tunaelewa. Mama aliyekaa benchi la nyuma hasikii mahubiri, na kwaya ikirekodi kaseti au sidii, wimbo unatoka pamoja na mvumo kama mchanga unaomiminwa kwenye bati. Lakini mara nyingi tatizo haliko kwenye amplifaya kubwa. Liko kwenye chombo kidogo kilicho mbele yake, yaani priamplifaya, na hasa mahali ilipowekwa nguvu yake ya kukuza.

Tulijifunza hili kwa gharama. Tulimrekodi mwinjilisti mmoja mstaafu, mmoja wa wachache waliokumbuka jinsi usharika wao ulivyoanza. Kwa kuogopa sauti isikwaruze, tuliweka ukuzaji wa mwanzo chini sana, tukasema tutaongeza baadaye. Tulipoongeza, sauti yake ilipanda na mvumo ukapanda nayo. Wakati huo mzee alikuwa ameshafariki. Kosa lilikuwa letu, wala halikuwa la maikrofoni.

Maikrofoni ya kawaida ya dainamiki, ile isiyohitaji betri, hutoa umeme kidogo mno. Mtu akisema kwa nguvu karibu nayo hutoa takriban milivolti 2. Akisema kwa upole akiwa mbali kidogo, haifiki hata nusu milivolti. Amplifaya kubwa hutaka kupokea karibu volti 1. Kwa hiyo sauti lazima ikuzwe mara 500 au zaidi kabla ya kufika huko, na kila kelele inayoingia mwanzoni hukuzwa pamoja nayo.

Kelele hiyo inatoka wapi? Sehemu yake haiondoki kamwe. Mwaka 1928 Johnson na Nyquist, waliofanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba kila rezista huvuma yenyewe kwa sababu ya joto lake, hata ikiwa mpya na nzuri. Rezista kubwa huvuma zaidi: ya omu 10,000 huvuma mara 10 kuliko ya omu 100. Na mwaka 1944 Friis alieleza kwa hesabu jambo ambalo mafundi huliona kila siku. Hatua ya kwanza ikikuza mara 100, kelele ya hatua ya pili huhesabika kama sehemu moja tu ya mia. Hatua ya kwanza ikikuza kidogo, kelele zote za nyuma yake hupata nguvu. Hilo ndilo lililomfunika mzee wetu.

Sasa tuingie ndani ya sanduku. Katika priamplifaya nyingi rezista mbili ndizo zinazoamua ukuzaji. Moja hutoka kwenye tokeo la chipu na kurudi kwenye ingizo lake, nyingine hutoka hapo kwenda ardhini. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha ongeza 1. Omu 10,000 kwa omu 100 hutoa 101. Omu 1,000,000 kwa omu 10,000 pia hutoa 101, na hapa ndipo fundi asiye mwangalifu hukosea, kwa kuwa hesabu ni ileile lakini kelele si ileile. Tukichukua chipu ya NE5534, inayofahamika sana kwa utulivu wake, ile rezista ya omu 10,000 peke yake huvuma zaidi ya mara tatu kuliko chipu. Tumelipia chipu tulivu, kisha tumeiwekea jirani mwenye kelele.

Kwa nini basi tusikuze mara 1,000 kwa hatua moja tukamaliza? Chipu hiyo ikikuza mara 100 hufika herzi 100,000, lakini ikikuza mara 1,000 huanza kuchoka kwenye herzi 10,000. Sauti ya mhubiri itapita vizuri. Kayamba za kwaya zitapoteza ukali wake. Ni bora mara 100 kwanza, na zinazobaki zitoke kwenye hatua ya pili yenye kitufe cha kuzungusha.

Kuna mpaka wa juu pia. Mwimbaji mwenye mapafu mazuri akikaribiana kabisa na maikrofoni anaweza kutoa milivolti 30. Mara 100 ni volti 3, na vilele vya sauti hupita volti 4. Priamplifaya inayotumia betri moja ya volti 9 haiwezi kubeba hayo, hukata vilele na sauti inakwaruza. Yenye umeme wa volti 15 chanya na 15 hasi hubeba bila shida. (Ndiyo maana tunapendelea kulipia kisanduku cha umeme kuliko kununua betri kila mwezi, ingawa katika bajeti hakivutii macho.)

Kwa sharika zenye mikisa, utaratibu ni huu: mwimbaji mwenye sauti kubwa kuliko wote aimbe ile sehemu anayoimba kwa nguvu kabisa. Pandisheni kitufe cha juu kabisa cha mstari wake, kile cha ukuzaji, mpaka taa nyekundu imulike, kisha kirudisheni chini kidogo. Kiacheni hapo. Sauti ya kanisani ipandishwe na kushushwa kwa kitufe cha chini tu.

Kamati zinazotaka kuleta ombi la amplifaya robo mwaka ijayo zije kwanza na priamplifaya au mikisa iliyopo ili fundi wetu aipime. Leteni na waya wa maikrofoni pia, kwa kuwa mara kadhaa tumefungua sanduku zima na kukuta kosa liko kwenye waya.