Kutoka Bray hadi Dublin: nauli moja, safari tofauti

Anayetafuta chumba nje ya Dublin hachelewi kutajiwa Bray, mji wa pwani ulio Wicklow, kilomita 20 hivi kusini mwa jiji. Reli ilifika hapo mwaka 1854, na tangu 1984 treni ya umeme iitwayo DART ndiyo inayowapeleka wakazi wake mjini.

Nauli haisumbui. Kwa Leap Card, kadi ya kulipia nauli, treni na basi hutoza sawa: euro 2 kwa mtu mzima, euro 1 kwa mwanafunzi mwenye kadi yake. Malipo hayo hudumu dakika 90. Ukitoka mtaani kwa basi, ukapanda DART, kisha tramu ya Luas, hulipi tena mradi chombo cha mwisho umekipanda kabla muda haujaisha. Siku 5 za kazi, kwenda na kurudi, ni euro 20. Asiye na kadi hulipa zaidi, na dereva wa basi hapokei noti wala harudishi chenji. Nunua kadi kabla ya kitu kingine chochote.

Bei ikiwa moja, pima muda na mahali utakaposhushwa. Anayesoma chuo cha Trinity apande DART bila kusita: stesheni ya Pearse iko jirani kabisa na chuo, treni haijui foleni, na njiani anaitazama ghuba ya Killiney. Wa chuo cha UCD, namshauri basi la E1. Linafuata barabara ya N11 na kusimama nje ya chuo, wakati anayeshuka treni Sydney Parade bado ana mwendo mrefu wa miguu, mara nyingi mvuani.

Ukivutiwa na chumba Greystones, mji unaofuata, uliza ratiba kwanza. Kupita mahandaki ya Bray Head reli ni ya njia moja, hivyo treni huja takriban kila nusu saa. Ukiikosa, umechelewa kazini.

Gari silipendekezi kwa safari ya kila siku: N11 hujaa asubuhi, na maegesho ya mjini ni ghali. Anayeendesha hadi uwanja wa ndege kwa barabara ya M50 akumbuke kwamba ushuru wa barabara hauna kibanda; kamera husoma namba ya gari, nawe ulipe kabla ya saa 2 usiku wa siku inayofuata, la sivyo unaongezewa faini. Mwenye begi moja achukue DART na basi la jiji. Mwenye masanduku na watoto apande Aircoach 702, linalotoka Bray moja kwa moja. Nauli yake ni kubwa zaidi, lakini hapo inastahili.